Vyaelea, Vimeundwa: Juu ya Majina ya Vyombo vya Wakimbizi wa Kuba

Methali isemayo "Vyaelea, vimeundwa" yajulikana na kila asomaye Kiswahili, na shuleni hufundishwa kama onyo kwa mtu mvivu: ukiona mali au cheo cha mwenzio, ujue kwamba ilitangulia kazi. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini imezoeleka mno hata tumesahau kwamba methali yenyewe yasema habari ya vyombo. Inamtaka mtu aliyesimama ufukoni, akiona chombo juu ya maji, asiishie kukitazama, bali arudi nyuma kwa fikira mpaka mahali kilipoundwa na mpaka kwa mtu aliyekiunda. Katika makala haya nataka kuitumia methali hiyo kama kipimo, na kuvipima kwayo vyombo ambavyo havikuundwa katika pwani yetu, wala aghalabu havikuundwa na mafundi wa kazi hiyo. Navyo ni vyelezo na mashua ambazo Wakuba wamezitengeneza kwa vitu vilivyotupwa, au vilivyong'olewa katika mitambo mingine, ili kuvuka bahari kwenda Florida. Hoja yangu ni kwamba majina ambayo vyombo hivi vimepewa hayakuweza kuvieleza, na kwamba sisi tunaoandika na kufasiri kwa Kiswahili tusipojihadhari tutalirithi kosa hilo pamoja na majina yenyewe.

Kwanza yafaa kueleza habari kwa ufupi. Kati ya kisiwa cha Kuba na Key West, mji ulio mwishoni mwa visiwa vya kusini mwa Florida, pana bahari ya maili 90 hivi, yaani kama kilomita 150. Ndani ya mlango huo wa bahari hupita Mkondo wa Ghuba, wendao mashariki na kisha kaskazini, na penye nguvu zaidi mwendo wake waweza kufikia noti nne. Chelezo kisicho na mtambo kikiingia katika mkondo huo hakiendi kinakoelekezwa. Huchukuliwa, na chaweza kupitishwa kando ya Florida mpaka katika bahari kuu ya Atlantiki.

Baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, Kuba ilikosa mafuta, vipuri na chakula, na watu walioitia bahari nia wakazidi. Mwezi wa Agosti 1994 serikali ya Kuba ilitangaza kwamba haitawazuia tena wenye kutaka kuondoka. Katika mwaka huo Walinzi wa Pwani wa Marekani waliwaopoa baharini watu zaidi ya 30,000. Tarehe 19 Agosti Rais Clinton alitangaza kwamba watakaookolewa baharini hawataingizwa Marekani, na maelfu yao wakapelekwa katika kambi ya jeshi la Marekani huko Guantanamo. Tangu mwaka 1995 ikafuatwa kanuni iliyotofautisha mguu mkavu na mguu wenye maji: Mkuba aliyekanyaga nchi kavu aliruhusiwa kukaa, na aliyekamatwa angali majini alirudishwa. Kanuni hiyo ilifutwa tarehe 12 Januari 2017, lakini vyombo havikukoma. Mwanzoni mwa Januari 2023 hifadhi ya taifa ya Dry Tortugas, iliyo magharibi ya Key West, ilifungwa kwa wageni kwa siku kadha kwa kuwa Wakuba wapatao 300 walikuwa wamefika hapo kwa bahari.

Sasa tuyatazame majina. La kwanza ni la Kihispania, balsa, ambalo maana yake ni chelezo, na kutokana nalo Wakuba waliovuka huitwa balsero. Jina hilo limekwisha enea duniani, na filamu iliyotengenezwa na Carles Bosch na Josep Maria Domènech mwaka 2002 juu ya watu wa mwaka 1994 imelichukua kuwa jina lake. La pili ni la Kiingereza cha Florida, chug, ambalo ni tanakali ya sauti ya mtambo. La tatu ni la maafisa, ambao katika taarifa zao huviita vyombo hivi rustic. Asili ya neno hilo ni Kilatini, na kwa asili lahusu mambo ya shamba. Mtu akilifasiri kwa uaminifu hatakuwa mbali na neno letu "ya kishamba", pamoja na dharau yote iliyo ndani yake.

Majina hayo yapimwe kwa haki. Jina la pili halina kosa kwa kuwa limetokana na sauti, maana nasi tumepata pikipiki na tukutuku kwa njia iyo hiyo, na hakuna aliyeona aibu. Tena lina ukweli mkubwa kuliko walivyodhani walioliita. Vyelezo vingi vya mwaka 1994 vilikuwa mipira ya ndani ya magurudumu ya malori na matrekta iliyofungwa pamoja, juu yake mbao, na watu wakapiga makasia au wakatweka shuka kuwa tanga. Katika miaka iliyofuata ziliongezeka mashua zenye mtambo, na mtambo ndio unaotenga chombo chenye njia na kitu kinachochukuliwa na mkondo. Kwa hiyo sauti ile ndiyo dalili ya kwamba waliomo wangali na hiari ya kuelekea mahali. Kosa la jina hilo liko kwingine: lasikika kwa mtu aliye nje ya chombo, aliye pwani au juu ya meli, naye hasikii kitu isipokuwa mlio.

Jina la balsa nalo lina ukweli wake, lakini lakusanya pamoja vitu viwili visivyolingana. Kiswahili chaweza kutuonyesha tofauti hiyo vizuri. Chelezo chetu ni neno litokalo katika kitenzi -elea, nayo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yalieleza kuwa kitu cho chote kieleacho, likiwamo boya. Katika neno hilo hamna mkuku, wala shetri, wala usukani. Basi mtu akivitaja vyombo vyote vya Wakuba kwa jina la chelezo, amevitaja kwa tabia ambayo hata gogo linayo, na amewahesabu waliomo kuwa watu wanaoelea tu. Na hilo ndilo limekuwa jambo la kawaida katika habari zao: wao huonekana, huopolewa, huhesabiwa, hurudishwa, vitenzi vyote vimo katika kauli ambayo wao hutendwa tu.

Jina la tatu ndilo baya zaidi, kwa kuwa lakitaja chombo kwa upungufu wake. Jambo hili halikuanza leo. Marco Polo, alipoeleza katika karne ya 13 habari za vyombo vya Hormuz, alivihukumu kuwa vibovu kabisa kwa sababu havikupigiliwa misumari ya chuma bali vilishonwa kwa kamba za nazi. Hukumu yake ilikuwa na msingi, maana alisema kwamba vyombo vingi vilipotea. Lakini alianza kwa kutazama kisichokuwamo. Msomaji wa pwani yetu anayeukumbuka mtepe, ambao nao ulishonwa kwa kamba na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, anajua kwamba kushona si kukosa msumari. Ni ufundi mwingine, wenye faida zake na hasara zake, na haufai kupimwa mpaka umeelezwa.

Tuvieleze basi vyombo vya Wakuba kama mtu angeueleza mtepe. Kiunzi huwa cha mbao zilizopatikana hapa na pale, au cha nondo za kujengea nyumba zilizokunjwa ziwe mataruma. Juu ya kiunzi hupigwa bati la kuezekea, au hutandazwa turubai, na badala ya kalafati na deheni hutumika lami. Pande za chombo hujazwa vipande vya stairofomu, au hufungwa mapipa matupu, ili chombo kisizame hata kikijaa maji. Mtambo ni wa gari, wa trekta au wa pampu ya maji ya mashamba, na mhimili wake huunganishwa na rafadha. Kila kitu hapa kimehama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Bati lililoundwa kuzuia mvua itokayo juu sasa lazuia maji yatokayo chini; mtambo uliokusudiwa kuvuta maji sasa wasukuma maji.

Mfano mkubwa ni ule wa Julai 2003. Watu 12 walionekana baharini wakielekea Florida ndani ya lori la Chevrolet la mwaka 1951, lililokalishwa juu ya mapipa, na rafadha imefungwa ili izungushwe na mtambo wa lori lenyewe. Walinzi wa Pwani waliwatoa watu wale, wakalizamisha lori kwa risasi kwa kuwa lingekuwa hatari kwa vyombo vingine, na abiria wakarudishwa Kuba. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata likaonekana gari la Buick la mwaka 1959, lenye watu 11. Magazeti yalicheka na kustaajabu, lakini ni machache yaliyouliza swali ambalo fundi wa Lamu au wa Nungwi angeliuliza mara moja: uzito wa mtambo ulio juu namna hiyo ulisawazishwaje, hata gari lisipinduke katika mawimbi?

Natumia neno "ufundi" bila kusudi la kuvisifu vyombo hivi kupita kiasi. Msomaji aweza kupinga, na kwa haki, kwamba kusifu mashua isiyofaa ni kuwasifia watu njia ya kufa. Idadi kamili ya waliozama katika mlango ule wa bahari haijulikani, maana wengi waliondoka kwa siri, na chombo kilichopotea hakikuwa na daftari la abiria. Lakini pingamizi hilo laitia nguvu hoja yangu. Mwenye kusema "ni vya kishamba" hakutuambia kwa nini kimoja kilifika na kingine hakikufika. Kupima ufundi ni pamoja na kutaja kasoro zake: mtambo mzito wa gari katika bodi nyepesi, ubavu mfupi usioweza kuzuia wimbi, mtambo uliozoea kupozwa kwa maji matamu, lami iliyopakwa kwa haraka kwa kuwa majirani wasingepaswa kuona. Kasoro hizi zina sababu, na sababu hizo nyingi si ujinga. Ni uhaba, na ni siri.

Juu ya siri hiyo kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Mwaka 1992 jeshi la Kuba lenyewe lilitoa kitabu kiitwacho Con nuestros propios esfuerzos, maana yake "kwa juhudi zetu wenyewe", kilichokusanya mbinu za watu za kutengeneza upya vifaa vya nyumbani na vya kazi katika miaka ile ya dhiki. Msanii na mchunguzi Ernesto Oroza amezikusanya na kuzieleza kazi za namna hiyo, akaziita uasi wa kiteknolojia, kwa maana kwamba mtu wa Kuba amekataa kuiamini amri ya kiwanda isemayo kwamba kitu hiki ni feni na kile ni mashine ya kufulia. Yaani mkono ule ule uliosifiwa kitabuni kwa kugeuza mtambo mmoja kuwa mwingine uligeuka kuwa mkono wa mhalifu ulipogeuza pampu kuwa mtambo wa mashua. Ufundi haukubadilika; kilichobadilika ni mahali ulipoelekea.

Sanaa na makumbusho zimejaribu kulisahihisha kosa la majina, nazo zimefanikiwa kwa kiasi. Mchongaji wa Kuba Alexis Leyva Machado, ajulikanaye kwa jina la Kcho, alitengeneza mwaka 1994 kazi yake Regata, kundi la vyombo vidogo vya vitu vilivyookotwa, vyote vikielekea upande mmoja. Mwaka uliofuata kazi yake nyingine, mashua iliyokalishwa juu ya chupa za bia, ilipata tuzo kuu ya maonyesho ya Gwangju huko Korea Kusini. Kazi hizi ni nzuri, na kule kuelekea upande mmoja kwasema neno ambalo neno balsa haliwezi kulisema. Lakini ndizo vyombo visivyotakiwa kuelea. Mtazamaji aliye mbele yake hutafuta maana, wala hatafuti mahali maji yatakapoingilia.

Katika bustani ya mimea ya Key West, kwa upande mwingine, vimewekwa vyombo vyenyewe vilivyofika, navyo vimekaa nje juani na mvuani. Katika makumbusho ya Mystic Seaport, jimbo la Connecticut, kimehifadhiwa kimoja cha mwaka 1994 kiitwacho Analuisa. Hicho kina bahati ya kuwa na jina lake, maana vilivyo vingi havina. Na tukiuliza juu ya maandishi yaliyomo katika vyombo hivi, swali ambalo mtu wa elimu ya lugha hawezi kuliacha, tutakuta kwamba mara nyingi maandishi ya pekee ni yale yaliyopakwa kwa rangi na Walinzi wa Pwani baada ya kuwatoa watu: herufi za idara yao na neno OK, ili meli au ndege itakayokiona baadaye isipoteze wakati kuwatafuta waliomo. Alama hiyo ni ya lazima na yenye faida. Lakini tazama ilivyo: chombo kimeandikwa, na aliyeandika ni aliyekipata, si aliyekiunda.

Ili tuone uzito wa jambo hili, tulinganishe na chombo cha kwetu. Mwaka 2018 huko Lamu kilishushwa majini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa na kupambwa kwa vipande vya makubazi, chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda; na mwaka 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Hapa pia takataka imegeuka chombo. Lakini hakuna aliyekiita cha kishamba. Jina la fundi lilitangazwa, na mbinu zake zikaelezwa kama elimu. Sina neno juu ya sifa hiyo, maana inastahili. Ninachouliza ni kama tofauti ya majina imetokana na tofauti ya ufundi peke yake, au imetokana pia na kwamba mmoja alisafiri akingojewa kwa furaha, na wengine walisafiri wakingojewa na doria.

Turudi sasa katika Kiswahili, kwa kuwa ndipo penye kazi yetu. Mfasiri atakayeandika habari hizi ana maneno mengi mbele yake. Chelezo latosha kwa mipira iliyofungwa pamoja, lakini lisipewe mashua yenye mtambo. Mtumbwi na ngalawa hayafai, kwa kuwa mtumbwi huchongwa katika gogo na ngalawa ina matengo yake. Namsihi asiandike "kidude" wala "kijimashua", maana viambishi hivyo huleta dharau ya rustic kwa mlango wa nyuma, na msomaji hatajua kwamba ameletewa hukumu badala ya habari. Wala sioni haja ya kulikopa lile neno la mlio, maana sikio la Mswahili halitasikia mlio ule katika herufi za kigeni.

Neno "chombo" lenyewe latosha, nalo ni neno lenye ukarimu. Ndilo jina la sufuria, la jembe na la jahazi, na halikioni kitu kuwa duni kwa sababu jana kilikuwa na kazi nyingine. Lori la Chevrolet lilikuwa chombo barabarani, na likawa chombo baharini, bila ya kuhitaji ruhusa ya kamusi.

Lililo zito zaidi ni kitenzi. Baadhi ya waandishi watapendelea -unga, au -ungaunga, kwa kuwa vyombo hivi ni viraka juu ya viraka. Wataona pia kwamba -tengeneza ni jepesi na halina hatari. Mimi nasema tuandike -unda. Kitenzi hicho, kama kamusi ya Johnson inavyoshuhudia, kwa asili ni cha kazi ya mbao, na hasa cha kazi ya vyombo vya baharini. Siku hizi tumekipeleka katika serikali, kamati na istilahi, na hakuna aliyenung'unika kwamba kamati haina mkuku. Ikiwa tumekitoa kwa kamati, hatuna haki ya kumnyima mtu aliyekunja nondo usiku ziwe mataruma, akapaka lami, akaweka roho yake na ya watoto wake ndani ya kazi ya mikono yake.

Na hapo ndipo methali yetu inapotoa fundisho ambalo shuleni hatukulisikia. Yasema "vimeundwa", katika kauli ya kutendwa, haisemi "vimeundika". Kwa sarufi yetu tofauti hiyo si ndogo. Kitu kikiundika, chaweza kufikiriwa bila ya mtendaji. Kikiundwa, mtendaji yupo hata kama hakutajwa, na kitenzi chenyewe chaacha nafasi ya kuuliza: vimeundwa na nani? Kuelea kwaonekana na kila mtu aliye ufukoni. Kuundwa hakuonekani, na lazima kuulizwe. Majina matatu tuliyoyapima yamesimama upande wa kuelea: moja lasema kitu chaelea, la pili lasema chalia, la tatu lasema ni kibaya. Hakuna hata moja lililouliza "na nani".

Mfasiri hawezi kuyajibu maswali ya sheria ya Marekani wala ya Kuba, na hatakiwi kuyajibu. Lakini anaweza kuandika kwamba mwaka 2003 watu 12 waliliunda lori liwe chombo, badala ya kuandika kwamba watu 12 walikutwa katika lori. Sentensi zote mbili ni za kweli. Ya kwanza ndiyo yenye watu.